Marehemu Ondieki Ogari na Meli Iliyotoa Umeme

Mzee Manasseh wa kanisa, majirani wa Sironga, nanyi shemeji zetu mliotoka Kenyenya, mimi ni Nyasani, mdogo wake marehemu, nimechaguliwa kusoma kwa sababu sauti yangu hufika Magwagwa bila kipaza sauti.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1929 hapa Sironga, akasoma hadi darasa la nne, akanizidi darasa moja tu na hakunisumbua nalo, na mwaka 1951 akaenda Mombasa, akaajiriwa kwenye meli za mizigo kupaka mitambo mafuta. Tarehe 15 Desemba 1957 alimwoa Kwamboka, wakajaliwa Orpah, Makori na Gesare, ambao mnawaona hapa mbele, uzuri wote wameuchukua kwangu.

Mwaka 1969 meli yake ilipita mfereji wa Panama, na katika ziwa la pale aliiona meli ya Wamarekani iliyofungwa ufukweni, haina injini ya kusafiria, ilikokotwa tu hadi hapo, urefu wake kama kutoka mlango wa kanisa letu hadi kinu cha Nyangau, na ndani yake nguvu ya atomiki ikichemsha maji, mvuke ukizungusha mitambo, umeme ukipita kwenye nyaya hadi nchi kavu, ili maji ya bwawa, ambayo zamani yalitumika kuzalisha umeme, yaachiwe meli zinazopita.

Alirudi mwaka 1970, akapanda majani chai, akatusimulia. Mzee Manasseh aliuliza kama hiyo ndiyo nguvu ya lile bomu la Japani, kaka akakubali, akasema hii wameifungia ndani ya chuma ifanye kazi ya jikoni. Mwaka uliofuata kanisa lilitaka kumfanya shemasi, lakini wazee, ambao hawakuiamini habari ya meli ile, wakaona mwongo hawezi kushika sadaka, wakamwomba aseme tu kwamba aliota. Alijibu, "Wazee wangu, nilikuwa macho, tena nilikuwa kazini." Akarudi benchi la nyuma, akakaa huko na furaha yake, akiimba besi.

Juni mwaka huu kifua kilimshika, akalazwa Kisii, na kabla ya kutuacha Alhamisi, tarehe 11 Agosti 1977, aliniambia, "Nyasani, meli yangu uisome ilivyo. Usiongeze."

Mnanijua. Kambare niliyemvua katika mto Sondu alikuwa na urefu wa mkono mmoja, lakini kwa kusimuliwa leo amenifika kifuani na bado anakua. Kwa hiyo, Mzee Manasseh, kuhusu uongo niulizeni mimi: uongo hukua. Meli ya kaka ilisimuliwa miaka saba, na urefu wake ulibaki kutoka kanisani hadi kinuni, haukuongezeka hata hatua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochimba kaburi, na wakulima wenzake mliomchumia chai alipolala kitandani.

Kaka, pumzika, amani ni yako. Meli nimeiacha na urefu wake uleule.