Mzee Nikodemu Ruhaga Aliyepima Maji ya Majirani

Tarehe 30 Juni Mzee Nikodemu Ruhaga anastaafu, baada ya miaka ishirini na sita ya kupima maji ya ardhini kwenye bohari yetu ya mafuta hapa Kigoma. Tangu tangi la zamani livuje na dizeli kuzama ardhini, yeye ndiye anayefuatilia inakoelekea. Kila mwezi huchota maji kwenye visima vyetu kumi na viwili vya kupimia, na vya majirani pia, akayapeleka maabara.

Siku ya kupima haji na pikipiki. Hutembea kutoka kwake Mwandiga, na lifti hataki. Sisi tuliokuja nyuma tulidhani ni ubahili tu. Kumbe mwaka wake wa pili alijaza petroli njiani, akashika chupa za maji ya kupimwa kwa mikono ileile yenye petroli. Kisima cha Bi Shadia, jirani yetu, kikaonekana kichafu, kikafungwa. Familia tisa zilihangaika na ndoo wiki tatu, mpaka alipopima upya, maji yakaonekana safi.

Angeweza kunyamaza. Badala yake alipita mlango kwa mlango akisema kosa ni lake. Bi Shadia, mjamzito wa miezi minane, alimjibu: "Baba Rahabu, pole yako haijazi ndoo." Akamkabidhi ndoo palepale. Mzee akambebea maji kila asubuhi hadi alipojifungua, na wanaume wa mtaa walimcheka sana.

Mwaka juzi ofisi ilitaka kuacha kupima visima vya majirani, maana majibu yalikuwa mazuri miaka mingi. Mzee hakugomba. Aliomba apime masika moja tu zaidi. Mwezi wa tatu dizeli ikafika kwenye kisima cha Bi Shadia, kidogo, hata harufu hakuna. Wengine walibisha, maji si haya meupe! Bi Shadia alisema huyu mtu akikosea husema mwenyewe, basi leo hajakosea. Akafunga kisima kwa mkono wake. Bomba la mtaa likaletwa baadaye.

Mimi naishi mtaa huo. Mwanangu ana miezi saba, na uji wake unapikwa kwa maji ya bomba hilo.

Mzee wetu, asante. Tunakuombea afya, na usingizi mnono wa usiku ambao sisi wengine bado tunautafuta. Ukale samaki wa migebuka na Mama Rahabu bila kuangalia saa. Dizeli bado imo ardhini. Mwezi wa saba tutapima, visima vyote, na vya majirani.