Muhogo Mweupe Ndani ya Basi

Jumatano, tarehe sita Machi. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri. Fundi cherehani alikaa ndani ya basi, amepakata muhogo wake wa kwanza baada ya miaka miwili, moyo ukimshukuru Mungu.

"Niling'oa shamba zima nikachoma, nikapanda upya mbegu safi," alimwambia jirani yake, mwashi aliyebeba mzigo wa mbegu za muhogo.

"Shamba zima? Dada, hukurogwa wewe?"

"Ndivyo walivyosema hata mashemeji. Majani yalikuwa mabichi, kumbe chini kumeoza kwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ugonjwa huo husafiri na mbegu, kaka. Hizo umezitoa wapi?"

"Kwangu. Nampelekea mama akapande. Tazama mashina yalivyonona!"

"Na mihogo yake?"

Mwashi akakohoa. "Ina madoa kidogo. Tunakata pabaya, tunatupa."

Fundi akaazima kisu kwa muuza matunda aliyeketi kiti cha nyuma, akaupasua muhogo wake. Ulikuwa mweupe pepepe mpaka nchani. Vigelegele vya abiria vikalipuka, hata dereva akageuka kutazama, jambo lisilompasa.

Basi liliposimama, mwashi aliinuka na mzigo wake. "Abiria, nishuhudieni! Mama yangu hatapanda hata pingili moja ya hizi. Nazichoma leo, na kesho naanza kung'oa kwangu."