Alhamisi za Bi Kulthum

Bi Kulthum Idarus ameitumikia Zahanati ya Kheri, hapa Ziwa la Ng'ombe, kwa miaka thelathini na minne. Anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Naitaja siku makusudi. Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, saa tatu asubuhi, wanawake tisa watafika chumba namba nne kumtafuta, na hadi naandika haya hakuna aliyepangiwa kuwapokea.

Wasifu wa mstaafu huandikwa kwa upole. Nimejaribu.

Alianza mwaka 1991, muuguzi wa chanjo. Mizani ya watoto ilikuwa imetundikwa kwenye ndoano darini, naye alijua kilio cha njaa na kilio cha sindano akiwa amewapa mgongo. Salamu kwake zilitangulia dawa. Mkaguzi mmoja aliingia na faili zake bila kumwamkia mtu. Bi Kulthum alimrudisha mlangoni, mkaguzi akaamkia, ndipo akapewa kiti. Mzee Fondo wa Mikindani naye hajasahauliwa: alisisitiza kumshika mwanawe wakati wa chanjo, akazirai yeye, na mtoto akabaki akimwangalia.

Sasa kosa lake, maana ameniamuru nisiliruke.

Mwaka 2009 Gladys Kazungu, muuza mboga wa mtaa huu, alikuja kuuliza namna ya kumwachisha ziwa mwanawe wa mwaka mmoja na nusu. Bi Kulthum alimpa ushauri ambao sote tuliutoa: jipake shubiri, mpeleke mtoto kwa bibi yake wiki nzima, atasahau. Mtoto alisahau. Mwili wa Gladys haukusahau. Siku ya kumi alirudi amelowa jasho, moyo unamwenda mbio, usingizi hana, analia kabla hajavifikia vitunguu. Majirani walisema maziwa yamempanda kichwani. Sisi wasomi tulisema malaria. Maabara, yaani mimi, niliandika mara tatu kwamba hakuna vijidudu, na mara tatu alipewa dawa za malaria. Sikupanda ngazi kuuliza kwa nini.

Mara ya nne aliletwa na mama mkwe wake, Bi Jumwa.

"Sista, huyu leo kaniambia haoni sababu ya kuamka. Nanyi bado mwampa vidonge vya mbu?"

Bi Kulthum alifunga mlango, akaketi, akauliza swali ambalo halikuwa kwenye kadi yetu yoyote: umeacha kunyonyesha lini, na uliacha vipi? Siku hiyo hiyo alimpeleka Gladys kwa daktari. Maziwa yakikatwa ghafla, homoni zilizokuwa zikiyaendesha nazo hushuka ghafla, nyingine hupanda, na mama huyumba katikati. Gladys alihitaji miezi kadhaa na mshauri wa kuzungumza naye. Alipopata nafuu, Bi Kulthum alikwenda kwake na kumwambia mbele ya Bi Jumwa, "Nilikosea mimi, mwanangu. Mwili wako haukukosea." Nimefanya kazi na madaktari wengi. Sentensi hiyo sijaisikia kwa mwingine.

Ndipo Alhamisi zikaanza. Mtoto hupimwa kwanza, kisha mama huambiwa, "Haya, wewe sasa," na huketi kwenye kiti chenye foronya ya maua ambacho hakuna mwingine anayeruhusiwa kukikalia. Huulizwa habari za usingizi, hedhi, jasho, nywele zinazotoka, ukavu na maumivu chumbani kwa mume, hasira, huzuni. Wengi huambiwa waachishe polepole: punguza nyonyesho moja, ngoja siku kadhaa, punguza jingine, usiku uwe wa mwisho. Matiti yakijaa, kamua kidogo tu upate nafuu. Kula: maharagwe, mchicha, dagaa. Mtu mwingine nyumbani aamke na mtoto. Hedhi inaweza kurudi ovyo, na mimba inaweza kutangulia hedhi, basi panga mapema.

Lakini hakumtupia kila mtu jibu la homoni. Fatma wa Mkomani alikuja akitetemeka mikono. Alipopimwa, tezi ya shingo ndiyo iliyokuwa na hitilafu. Wengine wamekutwa na upungufu wa damu. Na anayekaa wiki mbili katika giza, au anayesema kama alivyosema Gladys, hapangiwi Alhamisi nyingine. Anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, akishikwa mkono.

Waheshimiwa, tazameni kadi zetu. Mama huulizwa kila kitu maadamu maziwa yanatoka. Yakikoma, kadi nayo hunyamaza, kana kwamba alikuwa mfereji na sasa umefungwa. Huo ndio ukimya aliopigana nao mwanamke huyu kwa miaka kumi na sita, bila kupandishwa cheo na bila kuongezewa hata pazia.

Wiki iliyopita msimamizi wetu, Bwana Jefwa, alitangaza kwamba chumba namba nne kitakuwa ghala la glavu na maboksi hadi taarifa nyingine. Alimwomba Bi Kulthum azifute tarehe alizowaandikia wanawake hadi Septemba.

"Nimeandika kwa wino, mwanangu," akamjibu. "Kafute wewe. Nao uwaeleze wewe."

Hajafuta hata moja. Sista Dorcas, aliyemwachisha binti yake mwezi Aprili na kukikalia kiti kile mara nne, ameomba rasmi apewe Alhamisi hizo. Hajajibiwa.

Bi Kulthum, ahsante kwa mikono, kwa ukali, na kwa lile kosa ulilokataa kulizika. Ulale hadi jua liwake, unywe chai yako ingali moto, wajukuu wakuamkie hadi uchoke kuitikia. Maisha yako yawe mema, na marefu.

Bwana Jefwa, wewe umeketi meza ya mbele, na ufunguo wa chumba namba nne uko mfukoni mwako. Dorcas yuko kulia kwako. Tunaomba umkabidhi sasa, mbele ya aliyekianzisha chumba hicho. Keki itasubiri.