Bi Khairiya na Programu Isiyoitikia Salamu

Tarehe 31 Disemba 2008, Bi Khairiya Muhannad, Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta cha Hoteli za Mrashi, anastaafu baada ya miaka ishirini na tatu ya utumishi. Mhariri wa jarida letu ameniomba mimi, Hashil wa Stoo Kuu, niandike wasifu wake. Sababu ya kwanza ni kwamba chumba changu na chake vimegawana ukuta mmoja miaka yote hiyo. Sababu ya pili, alivyosema mhariri, ni kwamba nina maneno mengi. Haya, na yasomwe basi.

Bi Khairiya aliingia kazini mwaka 1985, wakati Mrashi ilikuwa nyumba moja tu ya wageni hapa Mkunazini, na maji ya mfereji yakija yanapotaka yenyewe. Aliajiriwa kupiga chapa. Alikuwa na vidole vyepesi na taipureta nzito, na mgeni mmoja wa chumba cha juu aliwahi kuuliza mapokezi kwa nini mvua ya Unguja inanyesha saa za kazi tu.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, mwaka 1993, ilikaa ndani ya boksi wiki nzima, kwa sababu kila aliyeambiwa aifungue alikuwa na udhuru. Huyu mgongo, yule mkewe mgonjwa. Bi Khairiya akachoka kuliona boksi njiani. Aliifungua mwenyewe, akaifukiza udi, akaitandikia kitambaa cha kufuma, kisha akakaa mbele yake na kitabu cha maelezo mpaka wakafahamiana. Tuliomcheka kwa udi ule tulikuja kupanga foleni mlangoni pake, tukimwomba atufundishe.

Hoteli zilipoongezeka, Nungwi, Matemwe na Jambiani, ilinunuliwa programu ya kuziendesha zote pamoja. Iliitwa Mizani, na ndiyo iliyoshika vyumba, jiko na stoo. Kila hoteli ilikuwa na faili lake la mipangilio, yaani ukurasa wa mistari michache unaoieleza programu iko wapi na ifanye nini: jina la hoteli, vyumba vingapi, printa ipi, hesabu za siku zifungwe saa ngapi. Yakitokea mabadiliko, Bi Khairiya alilitia faili kwenye disketi, disketi ikapanda gari ya mboga ya Jaku, mtu wa mapokezi au wa stoo wa kule akajaza mistari yake na kuirudisha. Disketi ya Matemwe ilirudi inanuka pweza na ya Nungwi ilirudi na mchanga, lakini zilirudi.

Sasa, ndugu wasomaji, mnatujua. Mtu wa Unguja hampelekei mwenzake maandishi bila ya kumsalimia kwanza. Aliyeanza ni Jecha, wa mapokezi ya Jambiani. Juu kabisa ya faili la mipangilio, kabla ya jina la hoteli, aliandika: “Assalaam alaykum Bi Khairiya. Sisi huku hatujambo, khofu ni juu yenu. Printa nshaifuta vumbi.” Mizani ilikuwa katika toleo la tatu, na toleo la tatu lilikuwa na moyo mpana: mstari lisioufahamu liliupita tu, likaendelea na shughuli zake. Bi Khairiya naye, kwa adabu yake, akajibu humo humo.

Basi ikawa kesi. Kazija, mtunza stoo wa Matemwe, alisikia kuwa Jambiani wanasalimiwa na yeye hasalimiwi. Akanuna. Ikabidi naye aandikiwe, na Abrahman wa Nungwi aandikiwe, na kila aliyeandikiwa akajibu na kuzidisha. Haukupita mwaka, faili la Matemwe lilikuwa na mistari mitano ya mipangilio na ukurasa na nusu wa khabari: nani kaposwa, nani karudi Hija, na namna ya kupika boko-boko lisishike chini. Mimi mwenyewe nilikuwa nikienda chumba cha pili kila Jumatatu kusoma mipangilio, na stoo yangu wala haikuhitaji.

Mwaka 2002 likaja toleo la nne. Pamoja nalo akaja Injinia Zahran, mtoto wa Malindi aliyesomea India na kufanya kazi Dar es Salaam, msomi hodari, ila alikuwa amekaa mbali na nyumbani muda mrefu. Mkurugenzi wetu wa wakati ule, Bwana Abdulla, alisema kikaoni maneno mazito. Toleo la tatu litakoma mwisho wa Novemba. Ikifika tarehe hiyo hoteli zote nne hazijahamia toleo jipya, Kitengo cha Kompyuta kitafungwa, kazi itapelekwa Dar es Salaam, na Bi Khairiya na wenzake wawili watarudi mapokezi kugawa funguo. Bi Khairiya alitoka kikaoni akasimama ukumbini anapangusa miwani iliyokuwa safi. Aliogopa, na haoni haya kulisema hilo hadi leo. Kitengo kile alikijenga kwa mikono yake, kuanzia lile boksi.

Mjini tulihamia bila taabu. Kisha Zahran akaliingiza faili la Jambiani. Toleo la nne likasoma mstari wa kwanza, likasimama, likaandika kwenye skrini kuwa halitambui “Assalaam alaykum” na haliendelei mbele mpaka iondolewe. Bi Khairiya akauliza, kwa sauti ya chini, hii ni programu ya watu gani isiyoitikia salamu.

Zahran hakuona tatizo. Alifuta salamu zote, khabari zote na lile boko-boko, akaacha mistari mitano mitupu, akaandika chini yake: “Jaza, usiongeze kitu.” Bi Khairiya alimwambia kuwa watu hawapelekewi kitu namna hiyo. Zahran akamjibu kwa heshima kuwa kompyuta haina mambo ya namna hiyo. Jaku akaondoka na disketi tatu.

Lo! Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na mnajua wenyewe subira za watu zinavyokuwa ikishapita adhuhuri. Matemwe hawakujibu, Kazija aliitia disketi mtotoni mwa meza, yaani kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. Jambiani ilirudi kama ilivyokwenda, haikuguswa hata herufi. Abrahman wa Nungwi ndiye aliyetumaliza. Alikuja mjini mwenyewe siku ya Ijumaa, kavaa kanzu na kofia mpya, akakaa mbele ya Bi Khairiya ameinamisha kichwa, akamwomba radhi kwa kosa lolote ambalo Nungwi wamelifanya, maana hawajapata kuandikiwa hivyo tangu waajiriwe. Zahran alikuwa amesimama pale pale, mdomo wazi. Bi Khairiya alimtazama Zahran, kisha akamwambia Abrahman kuwa kosa si la Nungwi, na mimi niliyekuwa mlangoni nilitamani aseme ni la nani.

Siku zilikuwa zinakwisha. Pamoja na hayo yote, Bi Khairiya hakuweza kumwacha mgeni wa kazi afuturu kwenye kibanda cha barabarani, akamchukua Zahran nyumbani kwake Sokomuhogo. Nilikuwepo, maana panapo futari ya Bi Khairiya mimi huwepo. Kila mara mlango uligongwa: jirani analeta bakuli la mtori, jirani analeta sahani ya kaimati, na kila chombo kilirudi na kitu ndani, hakikurudi kitupu hata kimoja. Zahran alikuwa anatazama vyombo vinavyopishana mlangoni, tende mkononi. Kisha akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba kwenye toleo la nne mstari ukitanguliwa na ile alama ya reli iliyoko kwenye simu, #, programu inaupita bila ya kuusoma. Wamewekewa mafundi, ati, waandike maelezo yao. Kwa hivyo labda hata salamu zingeweza kukaa humo.

Bi Khairiya alikuwa kashika upawa wa uji. Wallahi nilidhani atampiga nao. Alimuuliza amelijua hilo tangu lini. Zahran akasema tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyemuuliza, na hakujua kuwa salamu ni maelezo ya kifundi. Bi Khairiya akauweka upawa chini na kucheka mpaka machozi yakamtoka, na Zahran naye akacheka, taratibu, kama anayejaribu kiatu kipya.

Asubuhi yake Bi Khairiya aliandika mafaili matatu mapya kwa mkono wake. Kila moja lilianza kwa alama ya reli na salamu kamili, likamuuliza mtu hali yake, ya mama yake na ya mguu wake uliokuwa ukimuuma, likaomba radhi kwa lile faili lililokwenda uchi, kisha ndiyo mistari mitano. Chini yake akaeleza kuwa salamu zitangulizwe reli. Matemwe na Nungwi walijibu siku ile ile. Kazija alimaliza kwa kuandika: “Nshakusamehe, ila yule injinia mwambie aje ale pweza apate akili.” Toleo la nne likapita juu ya maneno hayo likiwa limefumba macho, likaisoma mipangilio, likafanya kazi.

Ikabaki Jambiani. Jecha naye alijaza, tena vizuri, ila toleo la nne lilisema Jambiani haina jina, haina vyumba wala printa. Bi Khairiya alifungua faili akaona. Jecha alikuwa ameipenda ile reli. Aliiona ni ya heshima, akaitia mbele ya kila mstari, salamu na mipangilio yote, asije akaonekana amebagua. Programu ikalipita faili zima kama kipofu. Kompyuta ya Jambiani nayo ilitakiwa isahihishwe huko huko, simu yao ilikuwa imekatika, na siku yenyewe ilikuwa ya mwisho, tarehe 30.

Bi Khairiya alipanda gari ya Jaku, katikati ya Jaku na gunia la vitunguu, na saumu yake. Alipofika alimsalimu Jecha kwanza, akajibu salamu zote za mapokezi, jiko na bustani, na mimi nina yakini kwamba mimi nisingejibu hata moja. Kisha akakaa, akaziondoa reli tano, akawasha, akairudisha disketi mjini kwa gari ile ile. Kabla ya adhana ya magharibi Bwana Abdulla alikuwa ofisini mjini anaitazama skrini, na hoteli zote nne zilikuwa juu yake. Bwana Abdulla hakuwa mtu wa maneno. Alisema kitengo kibaki, akaenda kufuturu.

Kitengo kimebaki, na leo kina watu saba, wote wamepita mikononi mwake. Injinia Zahran hadi sasa haandiki barua pepe bila ya kuuliza khabari za mama yako.

Mwezi ujao, Januari, tunahamia toleo la tano. Uongozi ulimwomba Bi Khairiya abaki mwaka mmoja zaidi alisimamie. Afra, anayemrithi, alimfungulia akalione. Bi Khairiya alilipekua kutoka juu hadi chini. Toleo la tano halina faili la mipangilio. Lina vidirisha vya kutia alama ya vyema, basi. Aliuliza mtu ataandika wapi. Afra alimwambia hakuna pa kuandika, Bibi. Bi Khairiya akaifunga skrini, akamwambia Afra kuwa yeye atalifanya vizuri, na yeye Khairiya ameshafika mwisho wa safari yake.

Kwa niaba ya mjini, Nungwi, Matemwe na Jambiani, tunakushukuru, Bi Khairiya, kwa kazi na kwa subira. Allah akupe afya, umri wenye kheri na mapumziko yasiyo na simu kutoka kwetu. Na nyie wenzangu, kuanzia kesho hakuna tena pa kumwandikia. Anayetaka kumsalimia aende mwenyewe kwa miguu yake hadi Sokomuhogo, apige hodi. Mimi nshajipangia Jumatatu.