Kidole Chini ya Pua

Benchi lililo mbele ya duka la Fundi Sindano lina miguu mitatu na tofali moja, na wanaolikalia ni walewale: Sindano mwenyewe, mshona nguo anayeongea na pini midomoni; Hakimu, kinyozi wa kibanda cha pili, ambaye hajawahi kusikia kesi akakosa hukumu; na dereva wa lori aitwaye Nipo Njiani. Mzee Birika huwamiminia kahawa na kuwaambia kwamba wamekosea. Jumamosi hiyo walikuwa wanabishana iwapo mbuzi huota ndoto, mbuzi akiwa anaelekea kushinda, ndipo alipotokea mpwa wake Sindano, mama kijana wa miaka ishirini na mmoja, mwanawe amemlalia mgongoni, barua ya chekechea imekunjwakunjwa mkononi. Alitaka kusema na mjomba wake faragha. Lakini pale kijiweni faragha ni kitu cha kusikia kwa majirani tu.

— Mjomba, wamenifukuzia mtoto, yaani hawajamfukuza, wamesema Jumatatu arudi akiwa ameacha, asipoacha asirudi, na mimi kiwandani naingia saa moja, nitamwacha na nani, na mama mkwe akisikia atasema nilijua, na mtoto hajapiga mtu, hajang'ata mtu...

— Vuta pumzi, mwanangu. Kafanya nini?

— Anaweka kidole.

— Wapi?

— Puani.

— Kesi imefutwa, akasema Hakimu. Hata mimi naweka.

— Siyo puani kwake, kaka! Chini ya pua za wenzake. Wakilazwa mchana kwenye mikeka, yeye anaamka, anapita mmoja mmoja, anaweka kidole hivi, anasubiri, anahamia kwa mwingine. Watoto ishirini na wawili wanaamka wanalia. Juzi mwalimu naye kasinzia kitini, kashtuka, kidole hiki hapa.

Nipo Njiani alipaliwa na kahawa. Mama yule hakucheka. Wiki nzima alikuwa hajala vizuri, akimtazama mwanawe kama mtu anayetazama jiko la mafuta linalotoa moshi usioeleweka.

— Naogopa labda kichwani hayuko sawa, alisema kwa sauti ndogo.

Sindano alimpokea mtoto mgongoni, akamlaza juu ya lundo la vitambaa. Hakimu akakohoa. Mahakama imeanza.

— Huyo anatafuta kitu. Haba na haba hujaza kibaba. Leo pua moja, kesho pua kumi.

— Kibaba cha pua? akauliza Mzee Birika.

— Wewe mimina tu. Nasema ana kipaji. Kuna watu wanajua tabia ya mtu kwa pumzi yake. Huyu akikua atawekwa mpakani, anakagua pua, waongo wote wanarudishwa makwao.

— Acha hizo, akasema Nipo Njiani. Ni joto. Vidole vyake vina baridi, anavipasha. Tena nasikia pua moja ya mtoto inaweza kuchemsha...

Simu yake ikalia. Akaipokea huku amekunja nne, kikombe juu ya goti.

— Naam, bosi! Nipo njiani, hapa kwenye kona, dakika mbili nimefika.

Akaizima, akanywa funda.

— Wala hata haya huna, akasema Sindano. Ndiyo maana juzi mkeo alipomwita binti yenu akaoge, tulisikia sauti kutoka chini ya kitanda: "Nipo njiani, mama!"

Benchi likacheka mpaka tofali likasogea.

— Unacheka nini, Hakimu? Nipo Njiani akageuza kibao. Mwanao kamnyoa mdoli wa dada yake kipara, huku anamuuliza habari za ndoa!

— Na mjukuu wa Sindano anaongea na njiti za kiberiti midomoni, akaongeza Mzee Birika. Bibi yake alidhani kapinda mdomo, akampeleka hospitali.

Sindano akatoa pini midomoni, moja moja, kimya kimya. Hapo Mzee Birika akamgeukia yule mama.

— Basi huyu wako, kidole kakiona wapi?

Mama akavitazama vidole vyake. Akavificha kwenye khanga, lakini wote walikuwa wameshaviona.

— Alipozaliwa hakulia, akasema, na maneno yakaanza kumtoka kwa kukimbizana. Wenzake wote wanalia, yeye kimya, nesi akampigapiga, kimya, mimi nahesabu, ndipo akalia. Tangu siku hiyo akilala naweka kidole. Kidogo tu. Nikifua nakuja naweka, nikipika nakuja naweka. Nilidhani yuko usingizini. Sikujua ananiona.

— Hukumu rahisi, akasema Hakimu, ila kwa sauti ya chini. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Acha wewe, naye ataacha.

Ilikuwa methali ya kwanza ya Hakimu mwaka huo kukaa mahali pake. Wote wakaitikia kwa vichwa.

— Sawa, akasema mama. Nikiacha, nitajuaje kama anapumua?

Mzee Birika akainamisha birika, likatoa tone moja.

— Wangu ana miaka kumi na miwili, akasema Nipo Njiani hatimaye. Jana usiku nimemwekea kidole.

Hakuna aliyemtania. Juu ya lundo la vitambaa mtoto alikuwa ametulia mno, au ndivyo ilivyoonekana watu walipoanza kumtazama. Mama akakalia mikono yake yote miwili. Sekunde moja, mbili, tatu.

Aliyeshindwa ni Hakimu. Aliinuka, akajifanya ananyoosha kiuno, akainama, akasogeza kidole.

— Anapumua, akatangaza.

— Una hakika? akauliza Sindano. Hebu nipishe.

Nipo Njiani akapanga foleni nyuma yake. Na pale chini, mtoto alikuwa amefumbua jicho moja, anawasoma watu wazima wale kwa zamu, bila kupepesa.

Mama akaangua kicheko, akacheka mpaka machozi.

— Jumatatu namfuata mwalimu mwenyewe, akasema. Namwambia mwenye tabia ni mimi, huyu ni nakala. Ila mjomba, tafadhali, waondoe hao wazee hapo, wanamharibia mtoto.