Historia ya Marehemu Ignace Nzeyimana, Mwenye Vishikizo vya Buluu

Ndugu waombolezaji, wachungaji wetu, majirani wa Joubert Park na nyinyi mliotoka Soweto, familia imeomba mambo yasomwe jinsi yalivyokuwa, kwa kuwa marehemu hakupenda kusifiwa kwa uongo, ingawa kusifiwa kwa kweli alikupenda sana.

Marehemu Ignace Nzeyimana alizaliwa tarehe 3 Machi 1957 katika mkoa wa Ngozi, Burundi, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akaacha baba yake alipofariki, na mwaka 1996 vita ikamtoa nyumbani, akapita Kigoma, Lilongwe na Maputo, akafika Johannesburg mwaka 1999 na shati moja, ambalo alilifua jioni na kulivaa asubuhi likiwa bado bichi.

Kuanzia mwaka 2001 alimuuguza mzee Lipman wa Houghton, ambaye vidole vyake vilitetemeka asiweze kujifunga shati. Babu yake mzee huyo alitoka Urusi enzi za wafalme wao akiwa na vishikizo viwili vya mikono ya shati, vya dhahabu, vilivyotiwa enameli ya buluu, ile rangi ya kioo inayochomwa motoni, ambayo ukiigeuza chini ya taa unaona mawimbi ndani yake. Mwezi Agosti 2008, wiki chache kabla ya kufariki, mzee Lipman alimpa marehemu vishikizo hivyo mbele ya binti yake, ili mtu asije akasema vimeibwa, akamwambia kwamba aliyevifunga miaka yote ndiye mwenyewe.

Tangu siku hiyo marehemu aliongoza kwaya akiinua mikono juu kuliko wimbo ulivyotaka, hata sauti ya tatu wakawa wanapotea kwa kumtazama, na kwenye robot, taa za barabarani, alisimama hata ikiwa ya kijani, akiangalia saa ambayo hakuwa nayo.

Tarehe 12 Septemba 2009 alikwenda kumposa Emérite, mjane mwenye binti mmoja, Yolande, katika fleti ya mjomba wake Emérite, mzee Damien. Pombe ya mtama ilikuwa kwenye ndoo ya rangi iliyovishwa kitenge ili ifanane na chungu, na marehemu alipoinama kusalimia kwa heshima, kishikizo cha kulia kikachomoka, kikatumbukia ndani. Kwa desturi yetu pombe ya posa hunywewa kwa mirija, wote kutoka chungu kimoja, na hakuna mkono unaoingia, wala chungu hakiinamishwi, mpaka wazee waridhike. Mzee Damien akasema, "Mkwe, kilichoingia chunguni ni cha chungu, kunyweni." Wajumbe wa marehemu walikuwa wazee wa kanisa ambao hawajaonja pombe tangu waokoke, wakatazamana, na msemaji wao, mzee Jean-Paul, akamnong'oneza, "Eish, Ignace, mke au kishikizo?" Marehemu moyoni aliona hawezi kuomba mke na mkono mmoja unapepea, akajibu, "Vyote," akashika mrija. Kufika magharibi ndoo ilikauka, kishikizo kikapatikana, enameli imemeguka pembeni, na mzee Jean-Paul alikuwa ameanza kuimba nyimbo za jeshi. Kanisa liliwasimamisha kwaya, yeye na wajumbe wake wote, na ndoa ikafungwa tarehe 5 Desemba 2009.

Pale palipomeguka Yolande alipaziba kwa rangi ya kucha, na sonara mmoja wa Doornfontein alipopaona mwaka 2011 alikaa chini akaomba maji, akaeleza kuwa hiyo ni kazi ya masonara wa wafalme na haitengenezwi tena, naye marehemu akamuuliza kama anayo rangi ya kucha inayofanana zaidi.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Alexis, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 2010, lakini watoto wa marehemu walikuwa wengi, kwa sababu kila kijana wa Kirundi aliyeoa mjini hapa aliazimwa vishikizo hivyo, kwa sharti avirudishe mwenyewe pamoja na mkewe, wale mezani kwake, na wapo waliogombana njiani wakapatana mlangoni kwa kuogopa macho yake.

Mwezi Machi 2014 alianza kuugua kisukari, kikafika kwenye figo. Vishikizo alikuwa amemwazima Alain, kinyozi, ambaye harusi yake ni leo. Emérite alimwambia kitandani kwamba hatakubali azikwe bila vishikizo vyake, naye marehemu akajibu, "Mama Alexis, mimi siendi kuposa." Alifariki Jumatatu tarehe 10 Novemba 2014, alfajiri.

Mzee Damien alisema pambo la marehemu harusini ni mkosi, wengine wakakubaliana naye, na siku ya Alhamisi Emérite alijifunga kanga kiunoni, akaenda kwa Alain kuvichukua. Alimkuta kijana amekwisha kuvifunga kwenye leso, akamkabidhi kabla hajaulizwa, kichwa chini. Emérite aliifungua leso, akamwambia, "Lete mkono," akamfunga mwenyewe, wa kulia kwanza. Aliporudi nyumbani aliishona mikono ya shati la marehemu kwa uzi, mishono midogo sana, na hakutaka kusaidiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, kanisa lililomrudisha kwaya, kijiwe cha vinyozi, na binti wa mzee Lipman ambaye tuko naye hapa. Harusi ya Alain ni saa tisa alasiri, mnakaribishwa mlivyovaa, na Mama Alexis atakaa kiti cha mbele.

Pumzika salama, Baba Alexis, sisi tukitoka hapa makaburini tunakwenda kuoza.