Doa la Mjukuu

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lina miguu mitatu na tofali, na upande wa tofali hukaa Ramani, fundi baiskeli, maana ndiye mwepesi. Jina hilo alipewa hapo hapo, kwa ajili ya doa alilozaliwa nalo: linaanzia chini ya jicho la kushoto, linashuka shavu zima mpaka shingoni. Enzi hizo lilikuwa jekundu na laini. Sasa lina rangi ya zambarau iliyoiva, limenenepa na kuota vijinundu. Wenzake wakilicheka, naye hucheka. Lakini wiki hii mjukuu wake wa kwanza amezaliwa na lake, la waridi, shavu lile lile, na mwanawe kasema: baba ndiye aliyeishi nalo, baba ndiye aamue kama mtoto atatibiwa.

— Uamue nini? — Redio, dalali wa vyumba, alipuliza kahawa yake. — Kichanga akapigwe mwanga wa leza usoni? Haraka haraka haina baraka.

— Daktari kasema akiwa mdogo ndiyo linafifia vizuri, — alisema Ramani. — Ngozi bado nyembamba.

— Litaondoka lenyewe! — Kinyozi alidakia toka mlangoni. — Binti yangu alikuwa na kidude chekundu utosini, kimevimba kama nyanya. Kuanza shule, hola!

— Hicho kilivimba. Hili limelala bapa. Hili haliondoki, linakua na mwenyewe.

— Kwani lako limekuua?

Mwaka jana Ramani alikwenda hospitali kimyakimya, akaambiwa lake limeshakomaa. Mwanga ungelipunguza, si kulifuta. Aliporudi benchini alisema alikwenda kutafuta spoku.

— Chanzo nakijua mimi, — Redio aliendelea. — Mama mtu alitazama mno jua la jioni akiwa na mimba.

— Wapi! — Kinyozi alikataa. — Damu ya ukoo hiyo. Damu ni nzito kuliko maji, ndiyo maana ikipanda usoni inashindwa kushuka.

— Sasa ukiipiga mwanga si inahama? Inazama ndani, inatokea kisogoni!

— Au inamrukia baba yake.

— Au jirani! Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

— Usufi, — Ramani alirudia.

— Eeh, mwepesi! Halafu bila hilo doa tungekuitaje, bwana? Na mtoto keshapata jina: Ramani Ndogo.

Wakaangua kicheko. Ramani alifungua mdomo acheke nao kama kawaida. Hakikutoka kitu.

Hapo mkwewe akatokea, mtoto kifuani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama.

— Baba, gari linatusubiri. Mume wangu kasema nisiende bila neno lako.

— Mwambie, bwana! — Redio alimgonga bega mwenzake. — Mwambie ulivyoishi nalo raha mustarehe.

Mkwe aliinua macho, akaona karatasi iliyoganda damu juu ya kijinundu karibu na sikio la mzee. Akawageukia wengine.

— Nyie mnashinda naye kila siku. Huwa linamuuma?

Redio alitazama ndani ya kikombe. Kinyozi, ambaye kila akimnyoa hutoa damu na kubandika karatasi, aliugeuza wembe mkononi kana kwamba ni wa mtu mwingine. Ramani naye alikuwa akisubiri. Hata uongo angeupokea.

— Mpeleke, — akamwambia mkwewe. — Patavilia damu, atalia, mtarudi tena na tena, na huenda lisiishe lote. Mpeleke hivyo hivyo.

— Na wewe, baba?

— Nenda, mama. Gari lisikuache.

Walimsindikiza kwa macho mpaka akakata kona. Redio akakohoa.

— Ramani… kwani linauma?

— Leo ndiyo unauliza?